Khamisi na Hamisi ni mtu mmoja? Programu huria zinavyounganisha mafaili ya mgonjwa

Dirishani mapokezi mazungumzo huwa mafupi. "Umeshawahi kutibiwa hapa?" Ndiyo. "Kadi iko wapi?" Imepotea, au imesahaulika nyumbani, au ililowa masika ikawa uji. Karani anaitupia jicho foleni, anapiga hesabu ya dakika zitakazomwishia masjala akipekua rafu, kisha anafanya ambalo hata mimi ningelifanya: anafungua faili jipya. Mtu yuleyule, namba nyingine. Akipewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa anapata namba ya tatu. Kliniki ya wajawazito ina kadi yake, CTC, yaani kliniki ya VVU, ina yake, maabara ina daftari lake. Miaka kumi ikipita mgonjwa mmoja ana mafaili matano, na hakuna daktari aliyewahi kuyaona yote kwa pamoja.

Wengi tulidhani kompyuta zikija tatizo litaondoka. Zimekuja, na kufungua rekodi mpya sasa ni rahisi kuliko zamani, kwani hata kabati halihitajiki.

Makosa yanayoweza kutokea ni mawili, na hayalingani uzito. La kwanza ni kumgawa mtu mmoja. Dawa za kifua kikuu alizoanza Tabora hazionekani Dar es Salaam, na kipimo kilekile kinarudiwa na kulipiwa upya. Kwenye huduma za VVU kosa hili lina sura yake: wapo wanaohama kliniki kimyakimya, bila barua, kwa kuwa hawataki kukutana na jirani kwenye benchi. Walikotoka wanaandikwa "wamepotea", walikokwenda wanaandikwa wapya, na takwimu zinahesabu mgonjwa aliyetoweka na mgonjwa aliyeanza dawa, ilhali ni mtu mmoja aliyepanda daladala tu. Kosa la pili ni kuwaunganisha watu wawili. Hapo mzio wa penisilini wa mmoja unafunikwa na rekodi ya mwenzake, au kundi la damu linakuwa la mtu mwingine. La kwanza linaudhi na linagharimu. La pili linaweza kuua siku hiyohiyo. Ukilikimbia moja unalisogelea lingine, na hiyo ndiyo shida nzima ya fani hii.

Kwa nini isitumike namba ya NIDA?

Swali hili huulizwa kila mara, na ni swali zuri. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20, haijirudii, na panapo namba hiyo kazi huwa nyepesi. Lakini watoto hawana kitambulisho hicho, na watoto ndio wanaopelekwa kliniki kila mwezi. Aliyeletwa amezimia baada ya ajali ya bodaboda hawezi kuitaja. Mamilioni ya rekodi zilizokwisha kuandikwa hazina namba hiyo hata moja. Na mtu anayechapa tarakimu 20 huku foleni ikinung'unika atakosea moja, basi mgonjwa anazaliwa upya.

Nchi tajiri nazo hazina jibu moja. Uingereza kila mtu aliye kwenye huduma ya afya ya umma, NHS, ana namba ya tarakimu 10. Marekani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Bunge limekuwa likizuia fedha za serikali kuu zisitumike kuunda namba ya pekee ya mgonjwa, kwa hofu ya faragha. Kwa hiyo hospitali zao, pamoja na mabilioni yote, zinalinganisha majina na tarehe za kuzaliwa kama sisi.

Mizani ya Ottawa

Sayansi ya kulinganisha rekodi ilizaliwa Kanada. Mwaka 1959 Howard Newcombe, mtaalamu wa jenetiki aliyekuwa akichunguza athari za mionzi kwa vizazi, alionyesha na wenzake namna kompyuta inavyoweza kuunganisha vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vya familia moja. Miaka kumi baadaye, 1969, Ivan Fellegi na Alan Sunter, watakwimu wa serikali mjini Ottawa, waliiwekea kazi hiyo msingi wa hisabati. Karibu kila programu huria ya leo, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, ukiifungua ndani, utawakuta wazee hao wawili wamekaa.

Wazo lao linaeleweka kwa mtu yeyote aliyewahi kupimiwa sukari dukani. Chukua rekodi mbili. Kila sehemu, yaani jina, jina la baba, jinsia, mwezi wa kuzaliwa, kijiji, ni jiwe linalowekwa kwenye mizani. Sehemu zikifanana, jiwe linaenda upande wa "ni mtu mmoja". Zikitofautiana, linaenda upande wa pili. Ufundi uko kwenye kujua kila jiwe lina uzito gani.

Uzito unatokana na maswali mawili. Kama rekodi hizi kweli ni za mtu mmoja, ni mara ngapi sehemu hii itafanana licha ya makosa ya uandishi? Na kama ni za watu wawili tofauti, ni mara ngapi itafanana kwa bahati tu? Gawanya la kwanza kwa la pili. Jinsia: ya mtu mmoja itafanana mara 98 kati ya 100, lakini hata ya watu wawili wasiojuana hufanana mara 50. Jibu ni karibu 2, jiwe dogo mno. Mwezi wa kuzaliwa: tuseme mara 90 kati ya 100 kwa mtu mmoja, na bahati ni moja kati ya 12. Jibu ni karibu 11. Majibu yote yanazidishwa pamoja, au kwa hila ya logi yanajumlishwa. Alama ikivuka kizingiti cha juu, rekodi zinaunganishwa zenyewe; ikiwa chini ya kizingiti cha chini, zinaachwa. Zile za katikati zinasubiri jicho la binadamu.

Sasa njoo kwenye majina, hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu. Tuseme Magu mwanaume mmoja kati ya 30 anaitwa Mabula, na Lindi ni mmoja kati ya 3,000. Tukikubali kwamba jina la mtu huandikwa sawasawa mara 90 kati ya 100, kufanana kwa "Mabula" kunaongeza uwezekano mara 27 kule Magu, lakini mara 2,700 kule Lindi. Jina ni lilelile na herufi ni zilezile, ila jiwe la Lindi ni zito mara mia. Mwanahamisi naye ukimpeleka Magu atageuka jiwe zito vivyo hivyo. Hakuna jedwali la uzito wa majina linaloweza kuletwa limefungwa kutoka ng'ambo likafaa hapa. Hata la Dar es Salaam halitaifaa Kigoma.

Tarehe ya kuzaliwa ina mtego wake. Bibi anajua alizaliwa mwaka wa njaa fulani. Karani anakadiria mwaka, na mfumo unaokataa nafasi tupu unajazwa tarehe 1 Januari. Ukikusanya rekodi za namna hiyo, nusu ya wazee wa kata wanasherehekea siku moja. Programu isiyoambiwa hilo itaona tarehe zinafanana na kuweka jiwe kubwa pasipostahili hata kokoto.

Halafu kuna mapacha. Hesabu ya Fellegi na Sunter, kwa jinsi inavyotumiwa mara nyingi, hudhani kwamba kila sehemu inafanana kwa bahati yake yenyewe, bila kuifuata nyingine. Kulwa na Doto wa Usukumani wana baba mmoja, babu mmoja, kijiji kimoja, tarehe moja, na namba ya simu ni ile ya mama yao. Kila kitu kinafanana kwa sababu moja tu, ila mizani inaihesabu kama sababu tano. Kilichobaki cha kuwatenganisha ni jina la kwanza na, wakiwa mvulana na msichana, jinsia. Ole wao wakiwa wa jinsia moja na karani akawa ameandika "Pacha" kwenye nafasi ya jina, jambo ambalo wodi za wazazi wanalifahamu vizuri.

Sikio la Pittsburgh

Majina hayafanani herufi kwa herufi, hivyo programu zinahitaji namna ya kusema "haya yanakaribiana". Njia ya zamani kuliko zote inaitwa Soundex. Hataza yake ilitolewa 1918 kwa Robert Russell wa Pittsburgh, Marekani. Kanuni ni nyepesi: herufi ya kwanza inabaki, irabu zinatupwa, na konsonanti zinazokaribiana kimatamshi zinapewa tarakimu moja. B, F, P na V ni 1. M na N ni 5. L ni 4, R ni 6.

Nilikaa siku moja na kalamu nikaijaribu kwa majina ya kwetu. Mohamed inatoa M530, na Muhammad inatoa M530. Safi. Mariamu, Miriamu na Maryam zote ni M650. Nikaanza kuipenda. Kisha nikamwandika Hamisi wa bara, H520, na Khamisi wa Unguja, K520. Kwa Soundex hao hawajuani kabisa, kwa kuwa herufi ya kwanza ni takatifu. Hadija na Khadija yakawa yaleyale. Salima ni S450, na Sarima, ambaye ni Salima aliyeandikwa na karani ambaye L na R kwake ni sauti moja, ni S650. Upande wa pili Saumu, Somoe na Samia, wanawake watatu tofauti kabisa, wote ni S500, kwa sababu irabu zimetupwa na kwenye majina yetu irabu ndizo zinazobeba mzigo.

Njia mpya zaidi ni ya Jaro na Winkler, iliyokomazwa kwenye idara ya sensa ya Marekani miaka ya 1980 hadi 1990. Hii huhesabu herufi zinazolingana na kutoa alama kati ya 0 na 1. William Winkler aliongeza bakshishi kwa majina yanayofanana mwanzoni, hadi herufi nne za kwanza, kwa kuwa Wamarekani hukosea zaidi mwishoni mwa jina kuliko mwanzoni. Wazo zuri, mpaka ulipeleke Mrima, huku pwani. Mwanaisha, Mwanaidi, Mwanajuma na Mwanahamisi wote wanapata bakshishi kamili kabla hata hatujafika kwenye sehemu ya jina inayowatofautisha.

Hapa ndipo neno "huria" linapoacha kuwa mapambo. Programu ya kununua, ambayo undani wake umefungwa, itakupa alama tu: hawa ni asilimia 87. Kwa nini 87? Mwenye programu anajua. Programu huria inakuruhusu uingie jikoni. Ukitaka "kh" isomwe "h", "dh" isomwe "z", L na R zihesabiwe moja, irabu ya mwisho idondoke ili Rashid akutane na Rashidi, na "Mwana" ikatwe kabla ya kulinganisha, ni kazi ya mistari michache ya msimbo. Fundi mmoja aliyekulia Kilwa anaweza kuiandika alasiri moja na kuwapa wengine bure.

Zana zenyewe

Afrika Mashariki ina historia kwenye jambo hili. OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa ulioanza 2004, ulitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya kliniki za Eldoret zilizoshirikiana na Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis. KenyaEMR na UgandaEMR zimejengwa juu yake, na wataalamu wa Regenstrief waliuandikia moduli ya kulinganisha wagonjwa. Rwanda ilikwenda hatua ya mbele. Mnamo 2012, wilayani Rwamagana, vituo vya afya vilianza kubadilishana taarifa za wajawazito kupitia mtambo wa kati, na programu huria iitwayo OpenEMPI ndiyo iliyokuwa ikijibu swali "huyu ni nani?". Uzoefu huo ulichangia kuzaliwa kwa jumuiya ya OpenHIE, ambayo mchoro wake wa mifumo ya afya sasa unafuatwa na nchi nyingi. Ndani ya mchoro huo rejista ya wateja, yaani orodha kuu inayojua mgonjwa yupi ni yupi, ina chumba chake, kando ya rejista ya vituo na ya watumishi.

Programu zinazoweza kukaa kwenye chumba hicho leo ni kadhaa. OpenCR imetokana na kazi iliyofanyika na Uganda. JeMPI inatengenezwa na shirika la Jembi la Afrika Kusini. SanteMPI ina asili ya Kanada. Nje ya hospitali ipo Splink, ya Wizara ya Sheria ya Uingereza, inayounganisha mamilioni ya rekodi kwa kompyuta ya kawaida. Sitazilinganisha moja moja, kwani tofauti zake nyingi zinamhusu fundi wa seva kuliko msomaji. Zinazofanana ni muhimu zaidi. Hospitali haiachi rekodi zake. Inatuma nakala ya sehemu za utambulisho tu, kwa kawaida kwa lugha ya kubadilishana iitwayo FHIR. Rejista inaiweka nakala hiyo chini ya rekodi kuu ya mtu huyo pamoja na nakala za kwingine, na kila hospitali inaendelea na namba yake. Daktari akiuliza, rejista inajibu: namba 0412 ya kwenu na namba 88731 ya mkoa ni mtu mmoja.

Jambo moja la kifundi halikwepeki, nalo ni wingi. Ukitaka kulinganisha kila mtu na kila mtu kwenye orodha ya watu 30,000, utafanya ulinganisho wa takriban milioni 450. Orodha ya watu milioni moja inadai karibu bilioni 500. Kwa hiyo rekodi hugawiwa kwanza kwenye mafungu, mathalani wote waliozaliwa mwaka mmoja, au wote wenye msimbo mmoja wa jina, na ulinganisho unafanyika ndani ya fungu tu. Haraka sana. Lakini kama mafungu yamepangwa kwa Soundex, Khamisi ameingia fungu la K na Hamisi fungu la H, hawatapimwa hata kama mizani ni ya haki kiasi gani. Ndiyo maana programu nzuri hupanga mafungu kwa njia mbili au tatu tofauti.

Kisesa: muulize mwenyewe

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauna mtambo mkubwa. Kata ya Kisesa iko wilayani Magu, kando ya barabara kuu inayotoka Mwanza kwenda mpaka wa Kenya. Tangu 1994 watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuandika nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama. Kituo cha afya nacho kina madaftari yake. Orodha mbili za watu walewale, bila namba ya kuziunganisha. Mtafiti akitaka kujua kama waliopimwa VVU kijijini wanafika kliniki, hana njia.

Kuanzia 2015 walijaribu kitu walichokiita PIRL, programu waliyoiandika na kuuweka wazi msimbo wake. Karani anakaa kituoni na kompyuta, mgonjwa amekaa mbele yake. Anaingiza majina matatu, jinsia, tarehe ya kuzaliwa kadiri inavyojulikana, kijiji, kitongoji. Na anauliza jambo ambalo hakuna mtu wa Ottawa angelifikiria: balozi wako wa nyumba kumi ni nani? Kama unaishi humu unamjua. Anayeishi kitongoji cha pili ana wake. Jina la balozi ni anwani kwenye nchi isiyokuwa na namba za nyumba.

Programu inapima kwa hesabu ileile ya 1969 na kuleta orodha ya wanaoelekea kuwa yeye. Kama ingeishia hapo, ingekuwa kama nyingine zote. Lakini mwenye jina yuko hapohapo kwenye kiti. Karani anaweza kumuuliza anaishi na nani, na majibu yakalinganishwa na kaya iliyo kwenye kioo. Walioko nyumbani kwake, jina la mama, jina la mtoto mdogo: mambo ambayo mtu hayakosei, na ambayo hayamo kwenye kadi yoyote. Ikajulikana pia kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na rekodi zaidi ya moja kwenye orodha ya nyumba, kwa kuwa alihama kaya akaandikwa upya. Programu ya usiku, inayolinganisha mafaili wenye nayo wakiwa wamelala, isingekuwa na wa kumuuliza.

Njia hiyo ina gharama, nayo ni dakika na mshahara wa karani. Pia inaleta swali la faragha ana kwa ana: unapomsomea mtu majina ya kaya ili athibitishe, umeshamwambia mgeni nani anaishi wapi. Karani mwangalifu humwacha mgonjwa ataje, naye akanyamaza na kutazama kioo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, Kenya ilitangulia 2019 na ya kwake, na rejista ya aina hii ni hazina nono kwa yeyote mwenye nia mbaya, kwani inajua kwamba jina hili na kliniki ile vinakutana. Ndiyo sababu inafaa rejista ibebe utambulisho tu na majibu ya vipimo yabaki hospitali, ingawa hata jina la kliniki peke yake wakati mwingine linatosha kumwaibisha mtu.

Tukirudi kwenye zile rekodi za katikati, zisizofika juu wala kushuka chini: hapo ndipo miradi mingi hukwama, kimya kimya. Bajeti huwa ya seva, ya mafunzo ya siku tatu hotelini, ya fulana. Mtu wa kukaa kila asubuhi na kutazama rekodi mbili mbili hana kasma. Foleni inarefuka hadi elfu kadhaa, kisha mtu anayetaka ripoti ipendeze anashusha kizingiti cha juu, na jozi zote zinaunganishwa kwa mkupuo. Kabla ya kuchagua programu ningeuliza kwanza kama ina kitufe cha kutenganisha kilichounganishwa, na kama inahifadhi jina la aliyeunganisha na saa aliyofanya hivyo. OpenCR ina kitufe hicho. Kulwa na Doto watakihitaji, pengine mara mbili.